Naizima kila usiku, kumbe haizimiki

Nina steshenari Mwanakwerekwe: mashine moja ya kopi, printa mbili, na laptopu iliyobeba duka zima. Kwa miaka sikuwa naizima. Usiku nashusha kifuniko, nafunga mlango, naenda zangu. Umeme ukikatika, betri inaishikilia.

Anayeniona mvivu hakuwepo Unguja Disemba 2009, ulipoharibika waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la mtu, tunatumia jenereta, na tajiri wangu neno lake moja: kitu kikiwaka, kiacheni kiwake. Likanikaa. Halafu, wiki moja ya fomu za skuli, nikajitia ustaarabu nikaizima laptopu. Asubuhi ikaniandikia kuwa inafanya apdeti, nisiizime. Asilimia 30. Nusu saa baadaye, 30 ile ile. Wazee sita wako barazani na bahasha zao mkononi, mmoja mmoja wakahamia kwa jirani. Toka siku ile, kuizima kwangu ilikuwa kama kumwamsha mtoto aliyelala kwa tabu.

Kilichonirudisha ni printa. Bwana mmoja alitaka barua yake ya kazi, nakala moja tu. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Baada ya muda zikatoka nne kwa mpigo, na katikati yake kadi ya harusi ya mtu mwengine kabisa, ya juzi.

Nikamwita mtoto wa kaka yangu, anasomea mambo hayo. Akaniambia niwe naizima kila usiku. Nikafuata, wiki nzima, na uzito wa mashine haukupungua. Aliporudi nikamsuta.

"Ami, unaizima kweli?"

"Kila usiku, wallahi."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, akanionesha kwenye kioo tangu lini mashine inahesabu kuwa iko macho. Siku 41. Nikadhani ananifanyia maskhara.

Kumbe Windows, toka ile ya 8 ya mwaka 2012, ina mtindo wa kuwaka haraka. Ukiizima, inafunga programu zako, lakini moyo wa mfumo wenyewe inauhifadhi kwenye diski kama ulivyo, na asubuhi inauchukua vile vile. Ikiwa una uchafu, unarudi na uchafu wake. Kuristati ndiko kunakoanza upya kikweli. Basi mimi niliyekuwa najiona nimeizima na yule asiyezima kabisa tulikuwa karibu sawa! Hili lilinikera kuliko printa. Kwa nini kitufe kiitwe cha kuzima?

Siku ile ile tukauondoa mtindo huo kwenye mipangilio ya umeme. Anayetaka kuubakisha, ashikilie Shift wakati anabonyeza kuzima. Hapo inazimika kweli.

Iliyobaki ilikuwa hofu yangu, na nusu yake ilikuwa uchafu wa kazi: barua za watu thelathini zimefunguliwa, hakuna hata moja yenye jina. Sasa mteja hajakaa kitini, faili lake limeshapewa jina na kuhifadhiwa. Kurasa za intaneti nimeziwekea zirudi zenyewe. Bando la simu nimeliandika kwenye mipangilio ya laptopu kuwa la kupimwa (metered), ili apdeti nyingi zisishuke bila ya mimi kutaka. Nazishusha kwa mkono, usiku, nikiwa na bando la kutosha.

Saa ya kuristati nayo nimeipata. Ijumaa, adhana ikikaribia, nafunga duka kama wengine. Nabonyeza, nachomeka waya wa chaji, navuta mlango. Ikitaka kujizungusha na asilimia zake, ina khutba nzima na rakaa mbili, na mimi kwa kawaida nasimama nje ya msikiti kuzungumza. Nikirudi nakuta inaniomba neno la siri.

Wiki za fomu za skuli, hata hivyo, siigusi.