Amana zilizomo kwenye diski ngumu ya dada

Vilivyomo kwenye diski ngumu ya dada si vya dada. Ni harusi za watu wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi, ni maulidi, mahafali ya darasa la saba, hitma za wazee. Kwa miaka mingi amepiga video za shughuli za mji huu wa Kigoma, na kile kidude cha tera moja cha kuchomeka kwa USB ndicho kabati lake. Mteja akipoteza fleshi, au simu ikiibiwa, hurudi kwake: "Dada, nitolee tena ile ya ndoa." Basi diski ilipoanza kusuasua wiki hii, dada hakulilia kazi yake. Alikuwa akitaja majina ya watu.

Dalili zilikuwa wazi. Folda moja ilichukua dakika nzima kufunguka, kompyuta ikaganda, kisha ukaja mlio: tik, kimya, tik. Baadaye Windows ikaleta ule ujumbe wa kutaka diski ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya, ndipo itumike. Dada hakubonyeza kitu. Alichomoa waya akanipigia simu, na hadi sasa naona kwamba sehemu kubwa ya uokoaji ilifanyika pale, kabla sijafika nyumbani kwake.

Nimeona mara nyingi, na nimeona tena safari hii, kwamba diski inayoharibika humaliziwa na watu wenye nia njema. Kila aliyekuwepo alikuwa na dawa yake. Shemeji alisema iwekwe kwenye friji igande kidogo. Jirani alitaka ifunguliwe ipulizwe vumbi. Kijana wa pale dukani alikuwa tayari kuendesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski. Niliwaomba wote wasubiri, nikawaeleza taratibu. Ndani ya diski ya namna hii kuna sahani zinazozunguka, nyingi kwa mwendo wa mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanometa chache tu. Kwa kichwa hicho chembe ya vumbi ni jabali. Ukiifungua sebuleni umeshaimaliza. Ukiigandisha kisha ukaitoa kwenye joto letu hili, unyevu unajikusanya juu ya chuma. Na chkdsk inafaa diski nzima ambayo kumbukumbu zake zimechanganyika. Hii yetu ilikuwa inaumwa yenyewe, na programu ile ingeandika juu ya mgonjwa yule yule, ikifuta na kuhamisha majina ya mafaili huku vichwa vikizidi kuchoka.

Palikuwa na jambo gumu kuliko hayo. Kuna harusi moja ya Kibirizi ambamo baba wa bibi harusi anaonekana ameushika mkono wa bwana harusi, anamwozesha binti yake. Mzee yule alikuwa mvuvi, na sasa ni marehemu. Dada alisema, "Mdogo wangu, anza na hiyo. Nyingine zote zikae." Nilimkatalia, na si jambo jepesi kumkatalia aliyenilea. Ukianza kufungua folda moja moja, vichwa vinakimbia huku na huko, na vikigonga sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka, diski inajaribu kuisoma tena na tena kwa ukaidi hadi nguvu inaishia hapo. Kwa diski ambayo bado inaonekana na bado inasoma, njia ninayoiamini ni kuinakili yote kwanza, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine kubwa zaidi, halafu mafaili yakatafutwe kwenye nakala.

Kwa kazi hiyo nilitumia ddrescue kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Ni programu ya bure ya mradi wa GNU, mwandishi wake ni Antonio Diaz Diaz. Inachukua kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, inaruka yanayosumbua, kisha inarudi kwenye kingo za sehemu mbovu na kuzikwangua kidogo kidogo. Yote inayaandika kwenye ramani, faili la maandishi ya kawaida: alama ya kujumlisha kwa kilichookolewa, ya kutoa kwa kilichokataa, ya kuuliza kwa ambacho hakijaguswa. Umeme ulipokatika na betri ya laptopu ikaisha, hatukupoteza kitu. Uliporudi, ramani ilionyesha tulipoishia tukaendelea. Diski tuliielekezea feni muda wote.

Nakala ilipokamilika kwa kadiri ilivyowezekana, nilitaka kujua ni nani hasa wameguswa na mashimo yaliyobaki. Ddrescue inaweza kujaza sehemu zisizosomeka kwa maneno unayoyachagua, basi nikaijaza nakala ya pili kwa maneno ya ajabu, kisha nikayatafuta ndani ya kila faili. Orodha ikatoka. Harusi nyingi zilikuwa salama kabisa. Folda ya mahafali ilikuwa imeumia vibaya. Na ile ya Kibirizi ilikuwemo kwenye orodha.

Faili lenyewe halikufunguka. Kamera nyingi huandika faharasa ya video, ile orodha inayoonyesha kila kipande cha picha na sauti kilipo, mwishoni mwa faili, na mwisho ndiko kulikoharibika. Ipo programu iitwayo untrunc inayoweza kuijenga upya faharasa hiyo ikipewa video nzima iliyopigwa na kamera ile ile, na dada bado anayo kamera yake. Video ikafunguka. Picha inaganda kwa sekunde kadhaa mzee akiwa anasema, sauti inakatika, kisha vyote vinarudi. Sehemu iliyokatika ni ya idhini yenyewe. Tuliiangalia wote wawili bila kusemezana.

Nilipendekeza pale pakatwe, paunganishwe vizuri, mtazamaji asishtuke. Dada alikataa, na nafikiri ana haki. Atampelekea yule binti kama ilivyo na kumwonyesha kilichokosekana, kwa sababu sauti ile ni ya babake.

Leo jioni amekaa na daftari akiandika majina ya wazazi wa watoto wa mahafali. Kila mmoja alipewa fleshi siku ile, na dada anawaomba waangalie kama bado wanayo, ili tunakili na kurudisha kabatini kilichopotea, safari hii kwenye diski mbili zitakazokaa nyumba mbili. Mama mmoja wa Mwandiga ameshajibu. Anayo, na ndani yake wamo watoto wa darasa zima. Tukaichukue kesho baada ya adhuhuri.