Siku moja maishani mwangu: bandi asubuhi mpaka jioni

Saa 2 asubuhi nishakaa kwenye cherehani. Leo nna gauni moja tu la satini na mwenyewe anakuja saa 8 kulijaribu, kwa hiyo mpaka alivae nimuone nalo ni bandi tupu, yaani mishono mirefu ya muda inayofumuka kirahisi, mshono wa kudumu baadae.

Naset mashine kwanza. Kawaida nashonea urefu wa mshono wa milimita 2.5, leo napeleka 5 ndo mwisho wake, tensheni (mkazo) ya uzi wa juu nashusha toka 4 mpaka 2 na kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, naweka uzi wa rangi nyingine kabisa. Uzi wa juu ukilegea ule wa chini unalala umenyooka, ukiuvuta unatoka mzima mzima. Na sirudishi nyuma mwanzo wala mwisho, jamani hili naomba mlishike, ukifunga ncha hiyo sio bandi tena.

Sasa satini haisahau tundu la sindano. Naweka sindano mpya namba 70 na bandi yote naipitisha milimita 2 nje ya mstari wa chaki, upande wa ukingoni, ili matundu yaishie ndani ya mshono. Mahameli ndo kabisa siiwekei mashine, inateleza na manyoya yanalala, ile napiga bandi kwa mkono.

Saa 4, mabega na ubavu tayari.

Saa 5 marinda ya sketi. Napiga mistari miwili iliyoachana milimita 6 halafu navuta nyuzi za chini zote mbili kwa pamoja taratibu. Wengi wanapiga mmoja wanaona inatosha, alafu rinda linajaa huku na kule kumekauka. Kitambaa kikiwa kirefu nakigawa vipande vinne, uzi mrefu sana ukikatika katikati unaanza upya wote.

Saa 8 kavaa, kiuno kinabana. Nakata uzi wa juu kila baada ya mishono minne mitano, navuta wa chini, dakika mbili ubavu umeachia, nimeongeza sentimita moja kila upande nikapiga bandi tena akavaa tena. Ingekuwa 2.5 ningefumua nusu saa na satini ingechanika, nishaliona hilo kwa macho yangu na roho iliniuma sana.

Saa 10 zipu ya mgongoni. Chini ya zipu nashona 2.5 na kufunga, kuanzia zipu inapoishia kwenda juu bandi, napasua mshono, yaani nalaza kingo zake huku na huku, kwa pasi ya moto mdogo juu yake kitambaa, zipu nailaza kifudifudi meno katikati ya mstari, nashona pande zote mbili ndo nafumua bandi. Usifumue upande mmoja ukiwa bado, zipu itaenda upogo.

Saa 12 mishono ya kudumu imeisha, nimeshika kibano natoa vipande vya uzi vilivyobaki kimoja kimoja. Pindo la chini kesho, gauni lilale limening'inia kwanza.