Video yako imepakiwa na mwingine: YouTube inawajibika lini?

DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998, haiisafishi YouTube bure. Kifungu cha 512 kinaipa kinga kwa masharti: iwe na wakala aliyesajiliwa wa kupokea malalamiko, iwafungie wanaorudia kosa, na ikipata taarifa iondoe video upesi.

Taarifa nyingi hukwama kwenye kiungo. Ukiandika "chaneli fulani inaiba kazi zangu", hayo ni malalamiko ya kijiweni. Bandika kiungo cha kila video, taja kazi yako, weka mawasiliano, sahihi na tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa. Aliyepakia akipinga kwa maandishi, video hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa uwe umefungua kesi na kuiarifu YouTube. Hapo ndipo wengi huachwa kwenye mataa.

Viacom, kampuni ya Marekani ya televisheni na filamu, iliishtaki YouTube mwaka 2007 ikidai zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilisema kujua kijuujuu kwamba wizi upo hakutoshi, lazima ijue video mahususi. Ila kufumba macho makusudi nako kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kujua. Walipatana mwaka 2014.