Kondoo wenye mapacha: uzito wa kuzaliwa umepanda hatimaye

Hatimaye mapacha wamezaliwa na uzito wa kuridhisha. Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiongeza chakula cha ziada katika wiki sita za mwisho wa mimba, kwa kuwa takriban asilimia 70 ya ukuaji wa mwana-kondoo tumboni hutokea katika kipindi hicho, na kila msimu wastani wa uzito kwenye daftari ulipanda vizuri huku mapacha wakiendelea kuzaliwa wadogo na kufa kwa baridi. Wastani huo ulinichosha mno. Waliokuwa wakiupandisha ni wale waliozaliwa mmoja mmoja, ambao walizidi kunenepa hadi wakawakwamisha mama zao wakati wa kuzaa.

Kwamba mwenye mapacha anahitaji nishati zaidi hakuna asiyelijua. Ugumu ni kwamba mahitaji yake yanapofika kileleni, mfuko wa uzazi umekwishajaa na kulibana tumbo la chakula, kiasi kwamba hata akiwekewa nyasi kavu bila kipimo hawezi kula za kumtosha. Kwa hiyo tunampa nafaka na mashudu, ambavyo vina lishe nyingi katika ujazo mdogo, na hapo ndipo tatizo langu lilipojificha. Nilisimama kando ya hori na kumtazama jike mmoja aliyekuwa mzito kuliko wote: alisukumwa ubavuni mara moja tu, akarudi nyuma, akabaki kuokota punje zilizodondoka chini mpaka wenzake walipomaliza. Mgawo niliouandika kwa ajili yake ulikuwa ukiliwa na mwenye mimba ya mtoto mmoja.

Msimu huu nimewatenganisha. Walipigwa altrasaundi kati ya siku ya 45 na ya 90 ya mimba, muda ambao mpimaji mzuri anaweza kuhesabu vijusi, kisha wenye mapacha wakawekwa zizi lao, kila mmoja akiwa na nafasi ya sentimita 45 horini. Nafaka nimezigawa asubuhi na jioni, na hakuna mlo unaozidi nusu kilo kwa kila jike, kwa sababu wanga mwingi kwa mkupuo mmoja huchachusha tumbo na kumfanya akatae kula kabisa, jambo la hatari kubwa kwa kondoo aliyekaribia kuzaa. Wenye mtoto mmoja wamebaki na nyasi bora na nafaka kidogo sana. Matokeo yake, wastani wa kundi zima haukusogea sana, lakini pengo kati ya mapacha na wale wa pekee limepungua waziwazi, nami sina haja ya zaidi ya hapo.

Niruhusiwe kusema neno kuhusu upimaji, kwani unapuuzwa kupita kiasi. Mwana-kondoo wa kilo 4 anaweza kunyonya mililita 200 za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, katika mlo mmoja, yaani gramu 200 hivi, ambazo zinatosha kabisa kuifuta au kuizusha tofauti ninayoitafuta. Ukimpima mmoja kabla ya kunyonya na mwingine baadaye, umepima maziwa. Mimi humpima akishakaushwa na kabla hajanyonya, kwa mizani ya ndoano na kombeo la kitambaa, kisha ninamrudisha kwa mama yake upesi. Mizani ya sakafuni siipendi kwa kazi hii, maana mtoto akitikisika kidogo namba zinarukaruka. Jinsia nayo lazima iandikwe, pamoja na kama mama ndiyo kwanza anazaa, kwa kuwa madume huzaliwa wazito zaidi na mama wa mara ya kwanza huzaa watoto wepesi.

Kwa majike wenyewe, mizani nimeiweka kando. Katika miezi ya mwisho jike huongezeka uzito kwa sababu ya vijusi na maji yao, hata kama mafuta yake mwenyewe yanayeyuka, kwa hiyo namba inayopanda inaweza kumficha kondoo anayekonda. Mkono haudanganywi kirahisi hivyo: ninaukandamiza mgongoni, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho, nikitafuta ncha za mifupa chini ya sufu. Kwa kipimo cha 1 (amekonda kabisa) hadi 5 (amenona kupita kiasi) nataka awe karibu na 3 anapofika kuzaa. Vidole vikiingia kwa urahisi chini ya ncha za pembeni, hata kiriba cha tumbo kiwe kikubwa namna gani, huyo anaongezewa chakula.

Nilikuwa nimepanga kwamba hatua inayofuata iwe kubadilisha kiwango cha mashudu. Nimeiahirisha, kwa kuwa nimevutiwa na jambo jingine lililofanyiwa utafiti New Zealand: kumnyoa jike sufu katikati ya mimba kunaweza kuongeza uzito wa watoto wake, hasa wale ambao wangezaliwa wadogo, mradi mama awe na akiba ya mwili na chakula cha kutosha. Kipindi hicho ndicho kondo la nyuma linapojijenga, na ukuaji wake hufika kikomo karibu na siku ya 90, wakati sisi wengi bado hatujafungua gunia la nafaka. Nitawagawa wenye mapacha wa msimu ujao nusu kwa nusu, wanyolewe nusu moja tu, wote wakila mgawo uleule katika mazizi yaliyokingwa upepo. Mashudu yatasubiri.