Namboole: naanza na njia ya kutoka

Ninapopanga kwenda uwanjani, iwe ni mechi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, au tamasha la muziki, jambo la kwanza kulipanga ni kutoka. Watu huingia kidogo kidogo kwa saa kadhaa, lakini filimbi ya mwisho ikilia wote husimama kwa pamoja. Uwanja wa Mandela wa Namboole, pembeni mwa Kampala, huchukua watu wapatao 45,000, na wengi wao wanaitaka barabara ileile ya Jinja.

Kwa hiyo sipandi chochote getini. Natembea kuelekea Kireka, upande wa mjini, mpaka niyapite magari yaliyobanana. Taksi, yaani basi dogo la abiria, iliyo mbele ya geti imezingirwa, haisogei, na kondakta ameshapandisha nauli. Ya Kireka inaondoka ikijaa. Anayekaa Kisaasi au Bwaise ana nafuu, maana Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya kaskazini, inaanzia hapo Bweyogerere na kwenda hadi Busega. Ukichukua boda, patana bei kabla ya kupanda, na usikubali kubebwa mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa pikipiki moja, hata kama usiku umeingia.

Pesa taslimu natoa kwa wakala wa mtaani kwangu, noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Simu maelfu zikitegemea minara michache, intaneti huzubaa, pesa za simu hukwama njiani, na programu ya kuitia boda huzunguka bila jibu. Ndiyo maana tiketi naihifadhi mapema kama picha ya skrini, na pale mlangoni naongeza mwangaza wa simu hadi mwisho, kwa kuwa mashine husoma vibaya skrini iliyofifia. Msimbo wa tiketi husomwa mara moja tu. Ukiuweka mtandaoni ili kujivunia, atakayekutangulia mlangoni ndiye atakayeingia.

Kuhusu kiti, Namboole ina njia za mbio kuzunguka nyasi. Hizo zinamsogeza mtazamaji mbali, hasa nyuma ya magoli, na safu za chini huko ndizo mbaya kuliko zote: uko mbali na uko chini, unaona migongo ya wachezaji tu. Mimi huchagua ubavuni, katikati ya jukwaa kwenda juu. Mechi ya saa kumi ina jambo la jua pia. Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi hivi mwaka mzima, kwa hiyo anayetazama magharibi hupigwa machoni kipindi chote cha pili. Kaa upande wa magharibi, jua libaki mgongoni.

Tamasha ni hesabu nyingine. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 100 kutoka jukwaani, unaona fimbo ikigonga ngoma kisha unaisikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Mafundi wazuri huweka spika za katikati na kuzichelewesha makusudi ili zilingane na za mbele. Mimi hujisogeza karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu anarekebisha kila kitu kufuatana na anachosikia pale alipo. Mbele kabisa, chini ya spika, unapata kishindo cha besi na maneno yanapotea. Watoto wavalishwe vizibo vya masikio.

Tamasha likiwa Lugogo, Kampala, kwenye uwanja wa kriketi, mnasimama nyasini, kwa hiyo viatu vilivyofungwa ni lazima, na mvua ikinyesha utavishukuru.

Msongamano wa watu siuchukulii kwa wepesi. Mkesha wa kuingia 2023, watu wasiopungua 9, watoto wakiwamo, walikufa katika mkanyagano kwenye jengo la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe, umati ulipokuwa ukienda kutazama fataki. Wakifika watano au zaidi katika mita moja ya mraba, umati huanza kukubeba upendavyo wenyewe. Hapo weka mikono mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, usiiname kuokota kitu hata kama ni simu, usisukume nyuma. Msukumo ukilegea, jongea mshazari kuelekea pembeni. Nikiwa na watoto tunabaki vitini dakika 20 hivi baada ya mwisho, na kila mmoja ana namba yangu ya simu imeandikwa kwa kalamu mkononi.