Nauza kanga, sio zile za kuvaa

Mwanzoni websaiti yangu ilikuwa na kichwa kikubwa juu kabisa, "Kanga bei nafuu Tanzania", na mie nilijiona mjanja kweli. Nipo Kibaha, nauza vifaranga wa kanga na kware pamoja na mashine ndogo za kutotolesha, basi nikajua mtu akisachi kanga lazima atanikuta. Wakanikuta! Simu ya kwanza mama anauliza doti ya sare ya harusi nitamfanyia shingapi akichukua hamsini. Nikamwambia mama mie nauza kanga ndege, akacheka mpaka simu ikakatika. Wa pili vilevile, wa tatu akataka nimtumie picha asome majina kwanza, asije akamnunulia wifi yake kanga ya mafumbo.

Ndo nikakumbuka nilishaunganisha Google Search Console, ni ya bure, ila sikuwahi hata kuifungua. Pale unaona watu waliandika nini mpaka ukurasa wako ukawatokea, ingawa maneno yaliyosachiwa na watu wachache mno Google huyaficha. Kwangu ilikuwa misemo ya kanga, mishono ya kanga, kanga za harusi, yani duka la nguo kabisa. Chini huko nikakuta moja limejikunyata: "mayai ya kanga yanaanguliwa siku ngapi".

Huyo sasa ndo mtu wangu. Anayeandika "kanga" tu sijui anataka nini, anayeuliza siku ngapi mayai anayo mkononi au yuko mbioni kuyapata, na muda si mrefu atahitaji mashine.

Nikatengeneza ukurasa wa swali hilo tu, kichwa nikakiacha kama alivyoandika yeye. Jibu nikaliweka mstari wa kwanza, siku 26 hadi 28, kuku ni 21 na kware 17 au 18, sikutaka mtu asome historia ya ufugaji ndo afike kwenye jibu. Afu nikaeleza joto la nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, na kwamba siku tatu za mwisho usigeuze mayai wala usifungue fungue mashine kuchungulia (tunajuana). Mwisho bei ya mashine ya mayai 60 na namba ya WhatsApp.

Kingine, "kutotolesha" kumbe ni neno langu mimi, sio la wateja wangu. Niliporudi kusoma meseji za wateja WhatsApp wanaandika mashine ya kuangulia vifaranga, mashine ya kutotoa, inkubeta, mashine ya mayai. Sasa kila mtu akiniuliza kitu nanakili swali lake vilevile na makosa yake, nikikaa naangalia lipi linajirudia. Afu naenda Google naandika mwanzo wake tu, bila kubonyeza chochote, nasubiri ile orodha inayoshuka inimalizie sentensi, maana inatokana na vitu ambavyo watu wanasachi kweli.

Aliyenitengenezea websaiti yeye alinichaji hela ya kuingiza maneno mia na kitu kwenye sehemu iliyofichwa ya websaiti ambayo msomaji haioni, inaitwa meta keywords. Google walishasema tangu 2009 hawaitumii sehemu hiyo kupanga matokeo, yani nililipia hewa.

Na mie nikaja kuzidisha. Nilifungua kurasa za "mashine ya vifaranga Mbeya", Iringa, Songea, maelezo ni yaleyale nimebadilisha jina la mji tu, baadae nikasoma kwamba Google wanahesabu huo ni ujanja uliokatazwa nikafuta zote. Nimebakiza ya Mwanza kwa sababu huko natuma kweli kwa basi, nimeandika siku za kutuma na boksi lenye matundu linavyofungwa.

Wanaoingia sa hizi ni wachache kuliko enzi za doti, siwadanganyi. Ila simu ikiita naulizwa umeme ukikatika mashine inakaa muda gani, na anayeuliza hivo ameshaanza kupiga hesabu.

Neno kanga peke yake nimewaachia wenye maduka Kariakoo. Wiki hii naandika ukurasa wa "kanga wanatoroka bandani nifanyeje", nimeulizwa mara nne, na muda huu wangu wawili wako juu ya mwembe wa jirani.