Siku moja maabarani: ni kipi hasa ndani ya jani kinachoponya kidonda?

Saa 1:30 asubuhi. Nachuja dondoo, yaani kimiminika kilichobeba vitu vya mmea. Gramu 100 za unga wa majani ya Centella asiatica, mmea ninaoutafutia kiini chake cha kuponya vidonda, zimelowa kwa saa 48 katika lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70. Majani yalikaushwa kivulini, yametandazwa. Yakirundikwa mabichi huota kuvu, na unga huo hautufai tena.

Saa 3:00. Ethanoli inatolewa kwenye kikaushio cha mzunguko, kifaa kinachovukiza kiyeyusho huku chupa ikizunguka ndani ya beseni la maji ya nyuzi 40 na hewa ikinyonywa. Ombwe, yaani huo unyonyaji wa hewa, naliongeza kidogokidogo: saponini, kundi la kemikali za mmea huu, hutoa povu kama sabuni, na ukiwa na haraka povu hupanda shingo ya chupa hadi kwenye kipozeo.

Saa 4:30. Hapa ndipo siku inapolala. Maji yaliyobaki yanaingia kwenye faneli ya kutenganishia. Kwanza heksani, ibebe mafuta na ukijani. Kisha ethili asetati. Mwisho butanoli, ambayo ndiyo huchukua saponini. Kila kiyeyusho mara 3, mililita 100 kila mara, na kila kimoja kinatoa sehemu yake ya dondoo. Faneli hupinduliwa taratibu, na koki hufunguliwa mara kwa mara kutoa mvuke. Ukiitikisa kwa nguvu, katikati hujikusanya tabaka zito jeupe kama tui, na halitengani hata ukilisubiri hadi jioni. Wengi hutia chumvi. Mimi nategemea sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili tabaka zitengane, dakika 10, maana chumvi kiasi hufuatana na butanoli na kwenda kusumbua seli za majaribio ya alasiri.

Saa 7:00 mchana. Matone ya kila sehemu kwenye bamba la silika, ambako kiyeyusho hupanda na kuacha kila kitu kwenye kimo chake; kando yake asiatikosidi na madekasosidi safi, saponini za mmea huu, za kulinganishia. Kiyeyusho ni klorofomu, methanoli na maji, 65:25:4. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 karibu huoni kitu, na mgeni wa kazi hii hudhani sehemu ya butanoli ni tupu. Nyunyiza anisaldehidi yenye asidi ya salfa, dawa ya kutoa rangi, pasha nyuzi 105 kwa dakika 5: madoa ya zambarau yanachomoza.

Doa kufika kimo kimoja na kilinganishi bado si ushahidi. Hata uzito wa molekuli hautoshi: madekasosidi na asiatikosidi B zina fomula moja, C48H78O20, zikitofautiana mahali pa kundi moja la methili. Hapo NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi zimepangwaje, ndiyo huamua.

Saa 9:00 alasiri. Kipimo cha MTT, rangi ya njano inayotiwa kwenye seli, kuona kama ziko hai. Seli hai huigeuza kuwa zambarau, lakini polifenoli, kemikali nyingine za mmea, nazo huigeuza bila seli yoyote. Kwa hiyo kila sahani ya kipimo ina vishimo vyenye dondoo bila seli, na seli huoshwa kabla ya MTT kuingia. Usipofanya hivyo, dondoo linaloua seli litaonekana linazikuza.

Saa 10:30 jioni. Faibroblasti, seli za ngozi zinazosaidia kuziba kidonda, zimefunika vishimo vyote 24 vya sahani. Katika kila kishimo nakwaruza mstari mmoja kwa ncha ya pipeti ya mikrolita 200, uwe pengo mfano wa kidonda, naosha mara 2, naweka seramu, majimaji ya damu yanayolisha seli, ya asilimia 1 tu. Seramu ikizidi, seli huongezeka kwa wingi na kuziba pengo hata zisipohama. Saponini kwa mikrogramu 1, 5 na 25 kwa mililita. Zikizidi hutoboa utando wa seli, na pengo hupanuka. Nyuma ya sahani nachora alama ya kalamu, picha ya kesho ipigwe palepale.

Saa 12:00 jioni. Uzito mkavu wa kila sehemu unaandikwa. Ikitokea dondoo zima linaziba pengo lakini hakuna sehemu inayoliziba peke yake, sehemu zitachanganywa upya kwa uwiano wa uzito huuhuu, kuona kama zinafanya kazi kwa pamoja.